Mtihani wa Ndagala

Serikali nyingine huwatambua raia wake kwa vitambulisho. Yetu, kwa msimu mmoja mzima wa mvua, ilitutambua kwa ndagala. Na ndagala wenyewe walikuwa wangu.

Kwa asiyejua, ndagala ni vile visamaki vidogo vya Tanganyika tunavyovianika juani hapa Baraka. Mimi nimeviuza tangu nilipoacha shule. Siku za soko napanda navyo Fizi-Centre, kule milimani kwenye ofisi za serikali, maana watu wa ofisi wanakula kuliko wanavyofanya kazi. Njiani kuna bariyeri ya polisi: kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, turubai moja, viti vya plastiki, na wanaume wenye njaa. Ukifika, polisi anaingiza mkono kwenye kikapu chako na kuchota. Hilo halikuwa wizi, lilikuwa desturi, na sisi wamama tulikuwa tukiweka samaki wabovu juu na wazuri chini. Mkono mtupu haulambwi, lakini hakuna aliyesema mkono ulambwe kwa samaki wa daraja la kwanza.

Basi mwaka ule fujo zilizidi huko juu, upande wa Minembwe, na akaletwa komanda mpya. Alitoka mbali sana, magharibi kabisa, mahali ambapo mto ni mkubwa na ziwa hakuna. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kibembe, lugha yetu, hakujua hata salamu, na alipewa kazi ya kuwakamata wapenyezi. Mpenyezi kwa maelezo yao alikuwa mtu wa juu, yaani mfugaji wa Minembwe, Munyamulenge, ambaye huitwa mgeni hata kama babu wa babu yake amezikwa hukohuko kwenye nyasi za ng'ombe wake. Komanda hakuwahi kufika Minembwe. Lakini mtu mmoja alimwambia mambo mawili: watu wa juu wana pua nyembamba, na watu wa juu hawali samaki. Juu ya mambo hayo mawili akajenga ofisi nzima.

Mtihani ulikuwa hivi. Ukiwa mrefu, mwembamba, na pua yako haikumpendeza, unatolewa kwenye mstari. Unaletewa sahani ya ndagala wakavu, wale waliochotwa vikapuni mwetu. Ukila bila kukunja uso, wewe ni mwana wa ziwa, pita. Ukisitasita, unakaa chini ya turubai kungojea lori la kwenda Uvira. Waliopanda lori lile, wengine walirudi wamekonda. Wengine hatujasikia habari zao mpaka leo, na hakuna ofisi inayokubali kuulizwa.

Watu wengi mjini waliusifu mtihani huo. Walisema afadhali safari hii tumepata polisi mwenye akili. Mimi nilimkumbuka babu yangu.

Babu alifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Albertville enzi za Wabelgiji. Alikuwa akisimulia kwamba jioni ikifika, king'ora kinalia, na kila mtu mweusi lazima awe ametoka mtaa wa Wazungu. Aliyechelewa alichapwa. Hakuchapwa na Mzungu, maana Mzungu wakati huo alikuwa barazani na kinywaji chake. Alichapwa na polisi mweusi aliyeletwa makusudi kutoka mbali, asije akakuta anamchapa mjomba wake akaingiwa na huruma. Mzungu alikuwa na kazi nyingine, ya kupanga watu. Hawa ni warefu, wana akili ya kutawala. Hawa ni wafupi, wana mgongo wa kubeba. Hawa ni wakaidi, wawekewe polisi zaidi. Babu alisema walipimwa kama mbuzi wa mnada, tofauti ni kwamba mbuzi hakuambiwa ashukuru.

Wabelgiji wakaondoka. Waliondoka na magari yao, na vyombo vyao, na mbwa wao. King'ora kikanyamaza. Ile akili ya kupanga watu kwa pua wakaisahau hapahapa, au pengine haikuingia kwenye sanduku, na polisi wetu wakaiokota wakaivaa pamoja na kofia. Nacheka ninapoandika hivi, lakini si kicheko kizuri.

Sasa nikwambie kuhusu mdogo wangu. Tumezaliwa tumbo moja, mimi na yeye, katika nyumba ya Kiislamu karibu na ufuo, baba Mubembe, mama Mubembe, na ukitaka kuendelea kupanda juu utakutana na Wabembe hadi uchoke. Lakini Mungu aligawa anavyotaka. Mimi nimetoka kwa mama, mfupi, mnene, pua kama kizibo cha chupa. Yeye katoka kwa baba, mrefu kama mlingoti, na pua ile. Na juu ya pua, ugonjwa. Tangu utotoni hawezi kula samaki wa aina yoyote. Akila kidogo tu, midomo inavimba, mwili unatoka vipele, pumzi inakuwa ya shida. Hebu fikiria, mtoto wa Baraka asiyekula samaki. Watoto wenzake walimwita mkwe wa ng'ombe. Mama alikuwa na sufuria yake ya pembeni isiyowahi kuguswa na samaki, ya kumpikia yeye sombe, yaani kisamvu, na maharagi, na hakuna aliyeruhusiwa kuichovya kijiko.

Alikua akawa fundi mwashi. Asubuhi ile alipata kazi ya kupiga lipu ukuta wa shule huko Fizi, tukapanda pamoja kwenye pikipiki mbili, yeye mbele na mwiko wake mgongoni, mimi nyuma na kikapu changu. Nilimwambia ainamishe kichwa tukifika. Alicheka. Alisema atainamisha kichwa, lakini pua ataiweka wapi.

Pikipiki yake ilisimamishwa kabla haijafika kwenye kamba.

Kwanza walichota kikapuni mwangu, kama kawaida, wakamimina sahanini. Nilikuwa bado nahesabu moyoni ni kiasi gani kimebaki nilipoona sahani ileile inapelekwa kwa ndugu yangu. Pembeni yake walikuwa wamemsimamisha mtu mwingine aliyeshuka kwenye pikipiki yake mwenyewe, mrefu vilevile, mwenye kofia ya sufu na madumu mawili ya siagi. Yule nilimjua. Wamama wote wa soko la Baraka walimjua. Alikuwa mtu wa Minembwe hasa, mfugaji mtoto wa wafugaji, aliyeshuka kuuza siagi na jibini miaka mingi na kupanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Hatukuwa na ugomvi naye isipokuwa alipenda sana kupunguziwa bei.

Alianza yeye. Komanda akamsogezea sahani. Mtu wa siagi akachukua ndagala kwa vidole vitatu, akatafuna na vichwa vyake, akameza, akachukua tena. Kisha akauliza kwa adabu kama hakuna pilipili. Polisi wakacheka. Komanda akampiga begani, akamwambia apite, mwana wa ziwa.

Zamu ya ndugu yangu ikafika. Alisimama wima, akasema kwa sauti ya kawaida:

“Chef, mi sikulaka samaki tangu butoto. Banganga banajua. Nikikula ntakufa.”

Ni kama mtu aliyesubiri mvua miezi sita akaona wingu. Komanda alitabasamu mpaka nikaona meno ya nyuma. Nikaruka mbele. Nilieleza kila kitu, mama yetu, baba yetu, mtaa, msikiti, na kwamba tumenyonya ziwa moja. Komanda akanitazama, akamtazama ndugu yangu, akanitazama tena, kama mtu anayelinganisha viatu viwili visivyo vya jozi moja. Akasema huyu mama ni mufupi, na huyu ni murefu, udugu uko wapi? Ndugu yangu akaanza kuzungumza Kibembe. Alizungumza Kibembe kizuri, kile cha wazee, cha kuapia. Komanda hakuelewa hata neno, na kwa hiyo akaona ni ushahidi mwingine: wapenyezi hujifunza lugha.

Palikuwa na polisi mmoja wa hapahapa kwetu. Alikuwa amekula nyumbani kwetu sikukuu ya Idi, na alijua sufuria ya pembeni ni ya nani, maana alikatazwa kuchovya. Nilimwita kwa jina la baba yake. Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vibovu, havikustahili kuangaliwa muda mrefu namna ile.

Wakati huo lori la Uvira lilikuwa limeshakuja, limesimama ng'ambo ya kamba, injini ikinguruma. Chini ya turubai walikuwa wameketi vijana wengine wawili. Polisi mmoja akamshika ndugu yangu mkono.

Hapo ndipo mtu wa siagi alipofanya jambo ambalo mimi, nisingekuwa shahidi, nisingeliamini. Alikuwa ameshapita kamba. Madumu yake yalikuwa yamefungwa, pikipiki imewaka. Alizima. Akarudi kwa miguu, kofia mkononi, akasimama mbele ya komanda akasema:

“Muachie huyu. Huyu ni Mubembe wa Baraka, namujua nyumbani kwabo. Mutu wa Minembwe ni mimi.”

Nilimwogopea kuliko nilivyomwogopea ndugu yangu. Komanda akamkagua toka unyayo hadi utosi, akafikiri. Kufikiri kwake kulionekana usoni, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Mwisho akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani. Akasema wewe umekula samaki, umekula na kichwa chake, tumeona wote. Wewe ni Mubembe, umelipwa kumficha mwenzako. Potea hapa kabla sijakasirika.

Yule bwana akaapa. Akataja kijiji chake, ukoo wake, rangi za ng'ombe wa baba yake. Polisi wakamwambia asiwachoshe. Kwa hiyo tukawa pale barabarani, Munyamulenge anayeapa kwamba ni Munyamulenge na serikali inamkatalia, na Mubembe anayeapa kwamba ni Mubembe na serikali inamkatalia pia. Samaki ndiye peke yake aliyeaminiwa.

Ndugu yangu aliangalia lori. Akawaangalia wale vijana wawili. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ndagala kiganja kizima, akatia mdomoni.

Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Alitafuna akiwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba nisimfanye ashindwe. Alimeza. Akafungua mdomo kuonyesha kwamba ameshameza, kama mtoto aliyepewa dawa. Komanda alikuwa amekunja uso, kwa sababu mtihani wake sasa ulikuwa unasema kitu kingine.

Haukuchukua muda. Kwanza mdomo wa juu, kisha jicho. Vipele vikatoka shingoni, vikapanda mashavuni. Akaanza kuvuta pumzi kwa sauti ya mluzi. Na komanda, Mungu anisamehe, uso wake ukakunjuka. Akamwonyesha kidole, akawaambia watu wake:

“Munaona? Mwili yenyewe inakataa.”

Ndugu yangu alipoanguka magotini, hata polisi walirudi nyuma. Mpenyezi anayefia bariyerini mbele ya soko zima la wamama ni kazi nyingi, ni maelezo kwa wakubwa. Komanda akasema tumtoe pale haraka, hakumtaka kwenye lori lake. Huo ndio ukawa uhuru wetu. Mtu wa siagi alishatupa madumu yake chini. Tulimweka ndugu yangu katikati kwenye pikipiki yake, yeye mbele akiendesha, mimi nyuma nikiwakumbatia wote wawili, tukashuka Baraka kwa mwendo ambao siku nyingine ningeulaani. Kifuani kwangu nilisikia mgongo wa ndugu yangu ukipigania kila pumzi. Nilikuwa nikimwambia apumue, kama vile alikuwa amesahau.

Hospitalini muuguzi wa zamu aliuliza mgonjwa amekula nini. Nikamjibu amekula kitambulisho. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikasema ndagala, akachoma sindano moja, kisha nyingine, na baada ya saa kadhaa ile sauti ya mluzi ikapungua. Mtu wa siagi alingoja mlangoni mpaka alipoambiwa mgonjwa atapona, kisha akaondoka, maana habari ilikuwa imeshaenea mjini kwamba kuna mtu wa juu amejitaja mbele ya polisi, na mjini kwetu wapo wanaoamini maneno kuliko samaki. Chumba chake hakukirudia. Siagi ya Minembwe siku hizi inaletwa na watu wengine, na mimi kila nikiiona nahisi aibu ambayo si yangu peke yangu.

Komanda alihamishwa, hakufukuzwa. Kwetu mkubwa akikosea huhamishwa akakosee mahali pengine, ili kila wilaya ipate haki yake. Aliyekuja baada yake akatuita uwanjani kwa kipaza sauti. Akasema polisi na raia ni chanda na pete. Akasema amesikitika, maana wezi wamevunja maduka usiku, na wenye maduka badala ya kukimbilia polisi walipiga masufuria kuwaita majirani. Akataka kujua kwa nini hatuna imani. Tulikuwa tumeketi kwenye nyasi, watu mia na ushee, na hakuna aliyejibu, kwa sababu ya huruma. Ni vigumu kumweleza mtu mzima kitu kama hicho.

Mimi nina ulimi usiolala. Nilisimama nikauliza kama ule mtihani wa samaki umefutwa. Akanong'onezana na wenzake. Akajibu kwamba ile ilikuwa njia ya kitaalamu, kwamba sasa wanaiboresha, na kwamba mama mwenye watoto wenye afya hana cha kuogopa. Watu wakacheka, nami nikacheka, tukapangusa nguo zetu tukarudi majumbani. Usiku uliofuata masufuria yalilia tena mtaa wa juu. Polisi walifika asubuhi, wakauliza nani amepiga kelele bila ruhusa.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeweza kuisimulia sokoni na kupata wateja. Watu wanaipenda sana ile sehemu ya pilipili. Lakini kilichotupata baadaye sisimulii sokoni.

Ndugu yangu alipona, akarudi kwenye mwiko wake, akafanya kazi za hapa Baraka tu. Kazi za Fizi akaziacha. Baada ya miezi michache alianza kulalamika midomo inamwasha akishakula. Siku nyingine jicho moja linavimba kidogo, siku nyingine tumbo. Alikwenda hospitali, wakamuuliza anakula nini. Alisema sombe na maharagi ya mama. Wakampa vidonge. Tulidhani ni mabaki ya ile sumu bado yamo mwilini.

Mimi ndiye niliyegundua, kwa bahati tu. Niliingia jikoni kuomba chumvi nikamkuta mama amechuchumaa mbele ya babula, jiko letu la makaa, sufuria ya pembeni inachemka, na mkononi ana kinu kidogo cha kutwangia viungo. Ndani ya kinu mlikuwa na unga wa kijivu. Muuza ndagala haulizi unga ule ni wa nini. Mama alikuwa akiminya kwa ncha za vidole, kidogo sana, anadondoshea ndani ya sombe, anakoroga.

Nilimshika mkono. Sikujua kwamba mkono wa mama yangu una nguvu hivyo. Ndugu yangu alisikia kelele, akaja, akasimama mlangoni, akaona kinu, akaona sufuria. Mama hakuficha. Aliendelea kukoroga, akasema anamzoesha polepole, kila juma anaongeza kidogo, mwili ni kama mtoto, unafundishwa. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekauka, lakini yeye hajakata tamaa. Mdogo wangu akamwambia, mama, unaniua. Hapo ndipo mama alipoweka mwiko chini.

“Bale batakuua we mara moja,” alisema. “Mi niko nataka ujue kukula, siku bakikuwekea sahani upite. Sitaki kuzika mutoto juu ya ndagala.”

Mama alikuwa hajafanya kosa la hesabu. Kamba ile bado ipo njiani, sahani ipo, na pua ya mwanawe haitapungua. Alichokosea ni kitu kimoja tu, kudhani kwamba mtu anaweza kusomeshwa kuwa wa kwao.

Nimeshasema polisi sikuwaamini. Kutoka kwa babu hadi kwangu hatukuwahi kuwaamini, kwa hiyo hawakupoteza chochote kwetu. Tuliopoteza ni sisi. Kinu kilivunjwa. Mama aliapa kwa Msahafu kwamba hatatia tena, na namwamini, maana nimeonja sufuria ile kila siku tangu siku hiyo. Ndugu yangu naye anasema amemsamehe, na anakuja kula kwa mama kama zamani.

Anaketi, ananawa, anainua sahani na kuinusa kwanza. Mama anakaa mbele yake, mikono mapajani, anasubiri amalize.